Kikwaruzo cha Koko

Harufu ya banda la kuku baada ya mvua watu wengi huizibia pua, mimi huivuta. Ni harufu kali ya mavi, nyasi zilizolowa na majivu, nayo ikinifikia popote nilipo narudi kijijini kwetu, kando ya barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, msimu ule wa kuchuma pamba, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala. Nyuma ya nyumba ya bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Koko, kulikuwa na banda la fito lililoinuliwa juu ya nguzo, na ndani yake kuku wengi kuliko wa mtu mwingine yeyote pale kijijini. Kila asubuhi, kabla watu hawajaenda mashambani, nilisikia chuma kikikwangua sakafu ya mbao: kwaru, kwaru, kwaru. Ni Koko huyo, anasafisha. Aliogopa kuku wasife kwa ugonjwa, na aliogopa zaidi bwana wa afya, aliyepita na kapita wake, yaani msimamizi wake, akichungulia vyoo na mabanda. Banda likikutwa chafu, aliyechapwa fimbo si bibi kizee, bali mwanawe, yaani baba yangu.

Chombo chenyewe tulikiita kikwaruzo. Mhunzi wa kijiji cha jirani alikuwa amekifua kutokana na jembe lililolika. Upande mmoja kilikuwa bapa, cha kukwangulia mavi yaliyogandamana sakafuni na kwenye fito wanazolalia kuku. Upande wa pili kilikuwa na meno matatu ya kuvutia nje nyasi zilizooza na kutandaza majivu mapya ya kuzuia utitiri. Mwishoni mwa mpini kulikuwa na ndoano, na kwa ndoano hiyo Koko alifungua komeo, alivuta yai lililobingirikia pembeni kabisa, na kuku mkaidi alimnasa mguu bila kumkimbiza uwanja mzima. Nilikitamani kikwaruzo kile hadi nikakiota. Si kwa ajili ya kazi, maana nani hupenda mavi ya kuku? Nilikitamani kwa sababu atakayekishika baada ya Koko ndiye atakayekuwa mtu wake. Atapewa kuku wake mwenyewe mle bandani, vifaranga atagawana na Koko, na jioni atakaa karibu naye jikoni akisikia mambo ambayo watoto wengine hufukuzwa wasiyasikie. Vifundo vya vidole vya Koko vilikuwa vimeanza kuvimba, na kila mtu aliona kwamba atakiachia mtu karibuni. Mimi ni Feza, na Feza ni jina lake. Hakuniita mjukuu, aliniita "majina yangu", kama waitanavyo kwetu watu wenye jina moja. Sikuona mwingine wa kukipata.

Kisha akaja Godeliva. Alikuwa binti wa shangazi yangu aliyeolewa Nyangwe, na shangazi alipojifungua pacha alimleta mkubwa wake huyu akae kwa Koko mpaka mikono yake ipate nafasi. Alikuja na kanga moja na shingo ndefu, hana maneno mengi, na kuku wakampenda siku ileile. Nasema hivyo kwa uchungu lakini ndivyo ilivyokuwa. Mimi nikiingia bandani kuku wanapiga kelele na kurukaruka, mavumbi yananijaa machoni; yeye akiingia wanasogea kidogo tu kumpisha. Aliweza kumshika mtetea anayeatamia, akamwinua, akahesabu mayai, akamrudisha, na yule mtetea hata asimdonoe. Koko alisimama mlangoni akitazama. "Huyu mutoto iko na mukono muzuri," akasema, na mimi niliyekuwa nimebeba kikapu cha majivu nikakitua chini kwa kishindo. Mukono muzuri! Na wangu je? Nilianza kumchunguza Godeliva kila alipogeuka. Anavyofagia, anavyokula, anavyocheka akiziba mdomo. Nilimtafutia kasoro kutwa nzima na nilipoipata ndogo nilifurahi, lakini kesho yake niliona kuku wanamfuata uani na furaha yote ikaisha.

Siku moja mpini wa kikwaruzo ulipasuka. Ulikuwa umekauka na kuzeeka, na Koko akautupa motoni bila huzuni, akabaki na chuma na ndoano yake. Asubuhi iliyofuata alituita wote wawili. Chuma akakitia mkononi mwangu, mtetea mweupe wa kumpa mhunzi akampa Godeliva. "Majina, weye beba chuma. Godeliva abebe kuku. Muende kwa fundi, arudishe mpini." Tukashika njia, na jambo nililoliona mimi ni moja tu: kuku yule ametulia kwapani kwa Godeliva, amefumba macho, kama yuko kiotani. Kila tuliyekutana naye njiani alimsifu Godeliva. Mama mmoja aliyetoka shamba la pamba na mzigo wake kichwani alisimama kabisa. "Eh, huyu kuku anakupenda!" Nilivumilia mpaka kwenye kijito. Hapo nikashindwa.

"Nipe kuku," nikamwambia.

"Koko alisema miye nimubebe."

"Hata miye ananijua. Nipe, weye beba chuma."

Godeliva hakuwa mtu wa kubishana. Alinipa. Kuku akafumbua macho, akanitazama, akanikwaruza mkono kuanzia kiwiko hadi kiganjani, na nikambana kwapani kwa nguvu zangu zote njia nzima iliyobaki, nikijifanya tumezoeana.

Mhunzi alikuwa mzee mfupi mwenye kifua kipana. Alipotuona aliuliza, "Nani alileta chuma?" Godeliva akajibu kwamba ni yeye. "Leta mukono." Akachukua uzi wa ukindu, akapima kiganja chake, akapima kila kidole, akaanza kuchonga mpini na kuutia vijishimo vya kukaa vidole vile vyembamba. Nikaona mambo yanaharibika. Nikamwambia kwamba Feza ni mimi, mwenye jina la Koko.

"Hata kama," alisema bila kuinua macho. "Mukono wenye kuleta chuma, mpini ni yake. Ni vile tunafanyaka, na baba yangu alifanyaka vile. Weye ulileta kuku. Kuku ni ya miye, nitamukula."

Wasaidizi wake wakacheka. Mimi sikuwahi kuisikia desturi hiyo, na Godeliva pia hakuijua. Watu wazima hawakuwaambia watoto, maana mwenye chombo huchagua kimya kimya, kwa kumtuma tu, ili wajukuu wasigombane naye. Mpini ukishachongwa kwa mkono wa mtu hauchongwi tena mpaka mwenyewe aseme amechoka.

Koko alikuwa akitungoja uani. Aliutazama mpini, akautazama mkono wangu wenye vidole vifupi, kisha akautia mpini katika mkono wa Godeliva, nao ukakaa sawasawa. "Basi," akasema. "Kesho uanze."

Jioni, nikitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, peke yangu, alikuja akakaa karibu yangu.

"Majina yangu, asubuhi nilitia chuma mukono ya nani?"

"Ya miye, Koko."

"Na weye ulikipeleka wapi?"

Nikamweleza habari ya kuku. Alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Nilimsihi amwambie Godeliva ukweli. Akakataa. "Nikisema leo, ataona simupendi, na mama yake atasikia mpaka Nyangwe. Yeye hakukosa kitu. Unyamaze, mutoto wangu." Nikanyamaza, na kesho yake nikaamshwa na kwaru, kwaru, kwaru ya mwenzangu.

Leo nakaa Kasongo, na wajukuu wangu wanafuga kuku wa mayai. Wana koleo la plastiki na ufagio walivyonunua sokoni, mpini mmoja kwa mikono yote. Anayeamka kwanza ndiye anayesafisha, na anayechelewa hushukuru. Hakuna anayemwonea mwenzake wivu kwa sababu ya mavi ya kuku, na nikiwasimulia habari zangu wananiona nimechanganyikiwa. Pengine wao ndio wamepona. Lakini pia hakuna kati yao anayeweza kusema kwamba bibi yake alimchagua.

Godeliva alifariki si zamani sana, kule Kabambare alikoolewa. Nilikwenda matangani kwa pikipiki, mgongo ukiniuma. Wanawe wakubwa walikuwa wakiwasimulia waombolezaji jinsi Koko, katika wajukuu wote, alivyomchagua mama yao na kumpa banda lake. Walisimulia vizuri, wakilia. Mmoja akanigeukia: "Mama Feza alikuwako. Mama, si ni kweli?"

Wivu ulinirudia, wa moto kama siku ile kijitoni. Yeye alikipata kikwaruzo, akapata na kuku, akapata pia kuishi maisha yake yote akijua alichaguliwa. Watu wote waliningoja niseme.

"Ni kweli," nikasema. "Alimuchagua yeye."