Konzi ya Wimbi kwa Kila Paka

Juzi nilikuwa nikipita nyuma ya kichinjio cha Chwele nikakutana na harufu ya mapafu ya ng'ombe yakichemka bila chumvi. Huenda wewe huijui, maana mtu mwenye akili zake hachemshi mapafu bila chumvi. Ni harufu nzito, tamutamu, kama maziwa yaliyoungua katika sufuria yenye kutu, na hukaa kwenye nywele siku tatu. Nilisimama pale kama ng'ombe aliyesahau njia ya zizini. Nimekaa Turbo, Tororo, Kisumu na kwingine ambako sitaki kukutaja, na wapo wanaume walionioa ambao siwakumbuki nyuso. Lakini harufu ile ilinishika mkono ikanirudisha Kitale, kwenye nyumba ya paka.

Nyumba ile ilikuwa nzuri kuliko yetu. Nasema hivyo bila uchungu, kwa sababu hata banda la trekta lilikuwa zuri kuliko yetu. Ilikuwa na sakafu ya mbao, madirisha ya wavu, na masanduku yaliyopangwa ukutani kama vitanda vya hospitali, kila sanduku na blanketi yake. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kizungu aliyeachiwa shamba la mahindi. Alikuwa mrefu na mkavu kama bua, na alivaa suruali za kaki za marehemu mumewe. Sisi tulimwita Mama Nyau. Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha, Wazungu wengine walikuwa wakirudi kwao, na paka waliowaacha, pamoja na waliotupwa stesheni na nyuma ya maduka ya Wahindi, wote aliwakusanya yeye. Kila mmoja alipewa jina ambalo hata mwalimu wangu asingeweza kulitamka.

Mwalimu huyo nilikwisha kumwacha. Niliacha shule darasa la tatu kwa kuwa alijua mambo machache na alikasirika ukimwuliza zaidi. Baba, aliyekuwa mlinzi wa maghala ya mahindi ya shamba lile, hakunipiga. Alinipeleka tu kwa Mama Nyau, kofia mkononi, akaomba nipewe kazi. Mama Nyau alinitazama kuanzia vidole vya miguu.

"Hii hapana kazi ya mushahara," alisema. "Hii kazi ya roho. Wewe napenda paka, mimi napenda paka. Basi."

Sikuwa nimempenda paka hata mmoja. Lakini nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilitaka kujua kila kitu kilichokuwa nyuma ya ukuta wa michongoma. Hivyo nikajitolea kwa roho yangu yote, kila asubuhi, kuchemsha mapafu, kufagia mavi na kukuna matumbo ya wanyama wasio na kazi. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na maghala, na ndani yake panya wakubwa kama mihogo. Baba aliwafukuza kwa fimbo. Paka walikuwa wakimtazama kupitia wavu, wakipiga miayo.

Mpishi, mzee Barasa, mtu wa Kimilili mwenye tumbo na maneno, aliwadharau kuliko mimi. Maini yaliyonunuliwa kwa ajili ya paka wagonjwa yalipotea njiani kati ya jikoni na nyumba ya paka, na kila mara Barasa ndiye aliyekuwa na midomo yenye mafuta. "Mungu hakuumba maini yaliwe na kitu kinachojilamba matako," aliniambia.

Lakini haki ni haki: yule mama alinipa kitu kimoja. Jumapili, watu walipokwenda kanisani, alinichukua hadi kwenye bwawa lililokuwa chini ya shamba, lenye mafunjo marefu kuliko mtu. Alinipa darubini ya mumewe nitazame. Niliwaona korongo wenye taji wakicheza ngoma yao ya kuruka na kuinamiana, fisi maji wakipasua kaa, na nzohe, yule swala wa majini, akisimama ndani ya maji hadi puani, akidhani haonekani. Mama Nyau aliandika kila kitu katika daftari. Alinong'ona kama mtu aliye kanisani, na mimi, ninayewacheka watu hadi leo, sikumcheka pale bwawani.

Nilikuwa na siri yangu huko. Siku za kawaida, jua likichomoza, kabla ya kuwasha moto wa mapafu, nilikwenda peke yangu kumtazama mondo, yule paka wa mwituni. Alikuwa jike, miguu mirefu, madoa meusi, masikio makubwa kama majani ya kisamvu yaliyosimama. Aliwinda kwa masikio. Alikuwa akisimama katika nyasi bila kutikisa hata mkia, akisikiliza ardhi, halafu akiruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto na kutua na miguu ya mbele yote miwili, na chini ya miguu hiyo palikuwa na panya. Siku moja nilimhesabia panya sita. Nilimpenda kwa kuwa hakuhitaji kitu kwangu. Hakuna aliyemjua ila mimi.

Sifa ikaniponza. Jumapili moja Mama Nyau alisema, "Nasimiyu, wewe iko macho mzuri sana." Hakuna mtu aliyewahi kuyasifu macho yangu. Kichwa kikavimba, nikamshika mkono wa shati nikampeleka mahali pa mondo. Tulilala kifudifudi katika umande hadi akatokea. Yule mama alilia. "Mzuri sana," alisema, "mzuri sana, mzuri sana," na machozi yakadondokea daftari.

Sasa nikwambie kuhusu Kukhu, yaani bibi yangu. Yeye alikaa Kabuchai, nyumbani, na mwaka ule kaka yangu alikuwa atahiriwe. Mtu wa kwetu hatahiriwi bila pombe ya wimbi, au ulezi, na wimbi la pombe hiyo Kukhu alikuwa ameliweka ghalani tangu mavuno. Mimi na Baba tulikwenda kila mwisho wa mwezi, juu ya magunia ya lori la mahindi hadi Kimilili, kisha kwa miguu. Safari moja tulimkuta Kukhu ameketi mlangoni pa ghala, mapajani ungo wa makapi matupu.

"Panya wananitahiria mjukuu kabla ya wakati," alisema. "Ati huko kwenu kuna nyumba nzima ya paka?"

"Ipo, Kukhu."

"Na panya wa Kabuchai wanakufa kwa kushiba. Niletee mmoja. Lakini sikiliza: paka hachukuliwi mikono mitupu. Ukimtoa mahali, acha konzi ya wimbi pale alipolala. Usipolipa, atawafanya panya ndugu zake."

Akanifungia wimbi kidogo katika kitambaa. Mwezi uliofuata nilimtia kapuni paka mmoja mweupe, mnene, nikamwaga konzi ya wimbi juu ya blanketi yake, nikamwambia Baba kwamba nimepewa. Baba alifurahi, alimwona Mama Nyau kuwa mtu mwema. Mwezi mwingine jirani ya Kukhu naye akataka, nikachukua wa pili, nikaacha konzi. Halafu shangazi akataka. Watatu.

Wa kwanza, Mama Nyau alisikitika. Wa pili, alikosa usingizi. Wa tatu, alitukusanya sote mbele ya sanduku tupu. Akaokota punje za wimbi kwenye blanketi, akazigeuza kiganjani, na uso wake ukang'aa kwa elimu.

"Hii natoka tumbo ya ndege," alisema. "Kanga nakula mbegu, mondo nakula kanga, kisha mondo nakuja hapa, natapika mbegu, nakula paka. Mimi najua sasa."

Sijawahi kumwona mtu aliyesoma vitabu vingi akienda mbali hivyo kwa miguu ya ujinga. Punje zilikuwa kavu, safi, zimepepetwa na mikono ya Kukhu. Baba alitazama chini, hakuelewa: paka wa Kabuchai kwake walikuwa zawadi. Barasa alielewa. Nilimwona akielewa, kuanzia tumboni hadi kwenye nyusi.

Tulipobaki jikoni, aliniinamia. "Mayi we! Mondo gani huyo anayelipa akichukua?"

Nikachochea moto.

"Bwana wa shamba jirani anakuja Jumamosi na bunduki kumwua. Si unampenda yule mnyama? Nenda useme basi."

"Sema wewe."

"Mimi? Nikifungua mdomo, maini yatatoka." Akacheka, akaendelea kukata vitunguu.

Zilikuwa siku tano. Nilijua kwamba nikisema, Baba atafukuzwa kabla ya jua kutua, na vyombo vyetu vitatupwa barabarani. Nilijua pia kwamba nisiposema, mondo atakufa. Kila asubuhi nilikwenda bwawani nikamtupia mawe ili ahame. Alinitazama bila woga, akasogea hatua chache, akarudi kusikiliza ardhi. Alikwisha kunizoea. Hilo nalo lilikuwa kosa langu.

Ijumaa jioni Mama Nyau aliniita barazani. "Wewe iko macho mzuri," alisema tena. "Onyesha bwana njia ya mondo."

Jumamosi alfajiri nikatangulia mbele. Nilinyoosha kidole. Hiki hapa, ndicho ninachoshikia kalamu. Jirani alipiga risasi moja tu. Alipomgeuza mondo kwa ncha ya kiatu, tulikuta mdomoni mwake panya wa ghala, mkia bado unatikisika. Mama Nyau alimtazama panya yule kwa muda. Alifunga daftari, akaomba ngozi isiharibiwe.

Ngozi ililainishwa ikatandikwa katika nyumba ya paka, mahali penye jua. Paka waligombania kulala juu yake. Mimi niliifagia kila asubuhi, kazi ya roho.

Huko Kabuchai, yule paka mweupe alikaa karibu na meko akisubiri kuchemshiwa mapafu. Panya walipita mbele yake wakiwa na haraka ya kwenda kula. Nilipofika tena, Kukhu alininyooshea mwiko. "Nilikuagiza paka," alisema, "umeniletea Mzungu." Wimbi likaisha. Pombe ya tohara ya kaka yangu ikapikwa kwa wimbi la kuomba kwa majirani, na wageni hawakujua tofauti.

Kwa miaka mingi nilimdharau yule mama, na ilikuwa dharau tamu, ya kutembea nayo. Katika kila mji nilisimulia habari za mwanamke aliyelia kwa uzuri wa mnyama Jumapili akamfanya zulia Jumamosi, na watu walicheka wakanikaribisha chai. Sikuwahi kusimulia kuhusu kidole. Ilinichukua hadi uzee, na harufu ya sufuria nyuma ya kichinjio, kukiri kwamba yeye angalau alidanganywa na punje. Mimi nilijua zimetoka wapi.

Lakini kinachoniamsha ni jambo dogo zaidi. Siku ile ya Jumamosi kitambaa cha Kukhu nilikuwa nacho, kimefungwa kiunoni, na ndani yake wimbi lilikuwa limebaki. Kwa paka watatu wavivu nililipa konzi tatu, bila kupunguza. Pale kwenye nyasi zilizolala, mahali alipokuwa akisimama kusikiliza ardhi, sikuacha hata punje moja.