Kupiga na Kurudi

Mwalimu Nakhumicha alikuwa na dharau nyingi, na sehemu kubwa ya dharau hiyo aliielekeza kwa Kiswahili cha watu wa Kitengela. Jirani akija mlangoni kuazima sukari, alimwuliza kama angeirudisha sukari ile ile, chembe kwa chembe, maana kinachoazimwa ni sufuria, sukari hukopwa. Jirani alipewa sukari na somo pamoja, na safari nyingine alikwenda mlango wa pili. Mumewe Wangila, fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji kule Athi River, aliwahi kusema kwamba mtoto wao ni mchovu, akimaanisha mvivu. Alielezwa tofauti hadi chai ikapoa. Tangu siku hiyo Wangila alipenda kula akiwa kimya.

Mwanamke huyu alitoka Bungoma mwaka 1992 akiwa mwalimu mpya, akapangiwa shule ya msingi ya Kajiado mjini, kisha mwaka 1997 akahamishiwa Kitengela. Siku hizo Kitengela palikuwa mabati, vumbi na punda wa kubeba maji. Mvua ikinyesha, udongo mweusi uling'ang'ania viatu hadi mtu akarefuka. Wapangaji walitoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili kilikuwa sufuria ya harambee ambayo kila mtu aliikoroga kwa kijiko chake. Nakhumicha aliitazama sufuria hiyo kama mtu aliyeona mende ndani.

Jumapili alikuwa mkalimani kanisani. Kanisa lao lilikuwa la mabati, karibu na barabara ya Namanga, na mchungaji wake aliitwa Waweru. Waweru alipenda kuhubiri kwa Kiingereza, ingawa Kiingereza chenyewe hakikumpenda. Nakhumicha alisimama kando yake na kufanya ukarabati. Mchungaji akitaja "love", yeye aliamua kama ni upendo, huruma au mapenzi, kulingana na kile ambacho mtu mwenye akili angekuwa amekusudia. Waumini walitoka wakisema mchungaji wao ana hekima. Nakhumicha aliwasikia, akakaza midomo, akaenda zake.

Mwaka 2001, Julai, baridi ikiwa imeshika, mke wa mchungaji alikuja kwenye mkutano wa akina mama mkono wake wa kushoto ukiwa umefungwa plasta. Waruguru alikuwa mwanamke mwembamba, mshonaji wa mapazia, na aliwaambia kwamba alianguka bafuni. Akina mama walimpa pole na kuendelea na mipango ya chai. Nakhumicha alimsubiri nje.

"Bafu lenu ni la ndoo," alimwambia. "Umeangukaje mpaka una alama za vidole shingoni?"

Waruguru alivuta kitambaa cha kichwa kikafunika shingo. Alitazama barabarani, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bwana yangu alinirudi tu, Mwalimu. Nilikuwa nimemjibu vibaya."

"Alikurudi au alikupiga?"

"Si ni kitu moja."

"Si kitu kimoja. Mtoto aliyemwaga maziwa ndiye hurudiwa, atiwe adabu. Ukisema alikurudi, umeshasema kwamba wewe ndiwe mkosaji na yeye ndiye mlezi. Nani alikufundisha kulitumia neno hilo hapo?"

Jibu halikuhitajika. Neno lilitoka mimbarani. Nakhumicha mwenyewe alikuwa amelitafsiri mwezi uliotangulia, katika mahubiri kuhusu nyumba zenye utaratibu, na alikuwa amejivunia kulipata. Aliondoka akimdharau mchungaji kwa mkono wake, na akimdharau Waruguru pia, kwa kulivaa neno hilo kama gauni aliloshonewa.

Majirani walikuwa wamesikia mengi kupitia ukuta. Kufikia wiki iliyofuata habari ilikuwa imezagaa hadi sokoni, na wazee wa kanisa wakaona ni lazima waseme jambo. Jumamosi alasiri mwenyekiti wao, Mzee Isaac Wakhungu, karani katika ofisi moja ya serikali kule Kajiado, alifika kwa Nakhumicha na koti lake la suti. Aliketi, akasifu chai, akasifu picha ya harusi ukutani, kisha akafika alikokuwa akienda.

"Mwalimu, kesho nitatoa tangazo fupi. Nitasema kwa Kiingereza, wewe utafsiri. Tulikuwa tunatafuta neno ya Kiswahili yenye haitaumiza mtu. Mimi niliona tuseme walikosana."

"Walikosana."

"Ama waligombana. Kuna mzee mwingine alisema tuseme walipigana, ndio tusionekane tunaficha."

Nakhumicha aliweka kikombe chini. "Mzee, hiyo '-ana' ya mwisho inataka watu wawili. Wakipigana, huyu amerusha mkono na yule amerusha mkono. Waruguru alirusha nini?"

"Hatukuwa ndani ya nyumba."

"Mkono uliovunjika ni wa nani?"

Mzee Wakhungu aliangalia picha ya harusi tena. "Tunataka tu neno laini," alisema. "Mchungaji ni kiongozi. Watu wakianza kumuangalia vibaya, kanisa itakuwa ya nani?"

Wangila, aliyekuwa kwenye kona na redio yake, alipunguza sauti ili asikie mkewe atakavyomchana mgeni. Lakini Nakhumicha alisema tu kwamba angekuwepo kesho na angetafsiri. Mzee alishukuru sana na kumaliza chai. Alipotoka, Nakhumicha alimtazama dirishani akiruka madimbwi, suruali ameinyanyua kwa vidole viwili, akafikiri kwamba huyo ndiye mtu aliyepewa kazi ya kulinda kundi.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Mchungaji Waweru alikaa kwenye kiti chake cha mbele, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri kupigwa picha. Waruguru alikaa safu ya tatu, mkono umefunikwa kwa leso. Mzee Wakhungu alikohoa, akasema kwa Kiingereza kwamba katika nyumba ya mchungaji kulitokea kutoelewana kidogo, kama kunavyotokea katika nyumba zote.

Nakhumicha aliwatazama watu. "Mchungaji alimpiga mkewe," alisema, "akamvunja mkono."

Upepo ulitikisa mabati. Mzee Wakhungu alidhani hakusikika vizuri, akairudia sentensi yake polepole zaidi, akitamka kila neno. Nakhumicha naye akairudia yake, polepole vile vile. Waweru aliinuka nusu, akaketi. Mama mmoja nyuma alisema "ai" kwa sauti ya chini.

Kisha Waruguru akasimama. Nakhumicha alitarajia machozi, au labda kwamba angekuja mbele kumshika mkono mkalimani wake. Waruguru hakumtazama kabisa. Alipita katikati ya viti kwa mwendo wa kawaida, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake bila kuubamiza.

Mambo yalikwenda upesi baada ya hapo. Waweru alihamia Rongai, akafungua kanisa katika ukumbi wa kukodi, na karibu nusu ya waumini wakamfuata, wakisema ameitwa na Mungu. Waruguru hakwenda naye. Alikwenda kukaa na dada yake Kajiado. Mzee Wakhungu alirudi kwa Nakhumicha, safari hii bila kuketi, akamwambia wazee wameamua apumzike kidogo kutafsiri.

"Mmenifukuza," alisema Nakhumicha.

"Hapana, Mwalimu. Ni kupumzika."

"Sijachoka, Mzee. Kwa hiyo mmenifukuza. Lichukue neno lako, litawafaa mkimpata mwingine."

Hakuliona hilo kama hasara. Alikaa nyumbani Jumapili akisahihisha insha, na katika moyo wake aliwapanga wote kwa madaraja, kuanzia mchungaji hadi wale mama wa chai, na hakuna aliyepata hata nusu ya maksi. Yeye alikuwa amesema neno sahihi. Miaka mitatu aliishi vizuri na jambo hilo.

Mwaka 2004 alikwenda Kajiado kufuatilia barua ya kupandishwa cheo, na alipokuwa akipita sokoni alimwona Waruguru ndani ya kibanda cha mapazia, akipima kitambaa kwa mkono uliopona ukiwa umepinda kidogo kwenye kiwiko. Alikuwa amenenepa. Walisalimiana. Nakhumicha aligusa kitambaa, akauliza bei, akangoja kushukuriwa.

"Mama yangu alisikia kutoka kwa watu wa kwaya," Waruguru alisema, bila kuacha kupima. "Walimpigia simu jioni ya Jumapili ile ile. Nilikuwa nimepanga kwenda kumwambia mwenyewe Jumatano. Nilikuwa hata nimeomba nauli."

"Nilisema ukweli," alisema Nakhumicha.

"Ulisema, ndio. Lakini hukuniuliza."

Nakhumicha alifungua kinywa. Kulikuwa na "samahani," lakini hilo ni la mtu aliyekukanyaga mguu. Kulikuwa na "nisamehe," ambalo ndilo lenyewe, na alilijua kuwa ndilo, kwa kuwa anayelisema anakiri kosa na kumwachia mwenzake uamuzi. Angempa sifuri mwanafunzi ambaye angeshindwa kuyatofautisha. Lilimfika kwenye ulimi, likakaa hapo.

"Pole," alisema.

Alipolisikia likitoka alijidharau, kwa dharau ile ile nzito aliyozoea kuwapa wengine. Pole ni ya msiba uliotoka kwingine. Kila mtu barabarani angeweza kuitoa.

"Ni sawa, Mwalimu," alisema Waruguru. Mteja mwingine alikuwa ameingia, akitaka pazia la rangi ya udongo la madirisha mawili, na Waruguru akamgeukia na futi yake ya kupimia. Nakhumicha alisimama kidogo akiwa bado ameshika pindo la kitambaa, kisha akalikunja vizuri, akaliweka mezani na kutoka.