Santuri Iliyopakwa Samli

Minza alipokuwa akiimba kule Shinyanga, ndama waliacha kunyonya wakageuza masikio. Wanaobishia hilo ni wale tu ambao hawakuwapo, na asiyekuwapo atabishia nini? Siku moja aliimba kwenye palizi, wanaume wakanogewa, wakalima shamba likaisha, wakalima njia ya serikali, wakalima uwanja wa kanisa, wakaja kushtuka wako ziwani na majembe yanaelea.

Huyo Minza ndiye aliyemzaa Ngolo. Maskini, sauti hakuirithi. Alirithi miguu ya mama yake na ule mwanya wa meno, lakini sauti ilimpita juu kama mvua iendayo kwa jirani. Akiimba Ngolo, kuku waliingia bandani mchana kweupe.

Minza akafa. Lakini kabla hajafa, walipita wazungu wenye gari la kurekodi nyimbo, wakamkalisha mbele ya chombo chao, akaimba wimbo wa kumuaga bibi harusi. Baadaye wakamletea sahani ya santuri, nyeusi kama chungu, na sauti yake ikiwa ndani. Hicho ndicho kitu pekee cha mama ambacho Ngolo alikihifadhi. Wakati yeye na mumewe Budeba walipohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kuja Usangu kutafuta malisho, gramafoni ilipakiwa juu ya punda. Njiani punda akajisikia kugaagaa, akagaagaa, gramafoni ikawa vipande. Santuri ilipona kwa sababu Ngolo aliifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, hata wanawake wa njiani wakawa wanamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Naye anawajibu, "Huyu haachi ziwa leo wala kesho."

Walipofika Rujewa, Ngolo akaifungua na kuona ukingoni pana ufa kama unywele. Gramafoni hamna, na sasa ufa. Afanye nini? Mtu wa ng'ombe anajua dawa moja tu ya kitu kinachotaka kupasuka, nayo ni samli. Ngozi ya kulalia hupakwa samli isikatike. Kibuyu hupakwa. Mtoto hupakwa mpaka anateleza mikononi. Basi kila mwezi ulipoandama, Ngolo aliishusha santuri kutoka darini, akaipaka samli pande zote mbili, taratibu, akiisemesha, kisha akairudisha kwenye moshi wa jiko. Miaka ikaenda. Santuri ikang'aa, hata ukiinama unajiona meno.

Binti yake, Roza, alikuwa mchanga walipohama. Hakuwahi kumsikia bibi yake. Kila alipolia utotoni, Ngolo alimwambia, "Nyamaza, siku ya kuolewa bibi yako atakuimbia mwenyewe." Ahadi kwa mtoto ni nyepesi kutoa, maana unadhani hatakua. Roza akakua. Mwaka wa sabini na saba akaposwa na Seni, kijana aliyekuwa ametoka Iringa kwenye vibarua vya tumbaku na kurudi na redio kaseti begani, haishuki hata akienda kuoga.

"Mayu," Roza akamwambia mama yake jioni moja, "ile ahadi ya bibi, ulikuwa unanidanganya?"

Katika ukoo wao binti haondoki bila wimbo wa kumuaga, na wimbo hutolewa na upande wa mama. Upande wa mama ulikuwa Ngolo peke yake, na sauti yake mnaijua.

"Sikukudanganya," alisema. "Bibi yako yuko darini."

Seni ndiye aliyesema kwamba Mbeya mjini yuko Mhindi, Chandrakant, anayeuza redio, ambaye hutoa nyimbo kwenye santuri na kuzitia kwenye kaseti. Kaseti ikiingia kwenye redio yake, hapahitajiki umeme wala gramafoni. Mawe ya redio yatosha, na bibi ataimba hata katikati ya zizi.

Ngolo akaifunga santuri mgongoni, akachukua na kibuyu cha samli cha kushukuru, akatembea mpaka Igawa kwenye barabara kuu, akapanda lori la mchele. Mbeya ilimpokea kwa ukungu na baridi ile ya kuingia mpaka kwenye kucha. Baadaye alisimulia kwamba maneno yalikuwa yakiganda mdomoni, mtu anayabeba mpaka ndani ya duka, yanayeyuka, ndipo anasikika anataka nini.

Chandrakant alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani kwenye paji la uso. Alipoipokea santuri ilimchomoka kama kambale. Akaidaka kwa tumbo.

"Mama, hii umeikaanga?"

"Nimeitunza, baba."

"Umeitunza kwa nini?"

"Kwa samli. Ya ng'ombe wangu mwenyewe, si ya duka."

Chandrakant akashusha miwani, akamtazama Ngolo, akaitazama santuri. Akaiweka kwenye mashine yake ya umeme na kushusha sindano. Sindano ikateleza kutoka ukingoni hadi katikati kama mtoto kwenye tope, na sauti iliyotoka ilikuwa ya maandazi yanayoingia kwenye mafuta.

"Mama yuko wapi?" Ngolo akauliza.

"Sikiliza, mama. Wewe unatoka Rujewa, mifereji ya mpunga unaijua. Humu ndani pana mifereji midogo, na sauti inakaa humo. Sindano inapita kama maji. Sasa wewe umeifukia."

Ngolo akakaa chini, hapo hapo sakafuni. Miaka yote ile alidhani anamlisha mama yake, kumbe alikuwa anamzika. Akamwona Roza amesimama mlangoni siku ya kuondoka, na hakuna wa kumwimbia.

Chandrakant akanyoosha mkono achukue chupa ya spiriti, akaurudisha. Santuri za zamani hazipatani na spiriti, alisema, zinayeyuka. Maji ya moto nayo huzipinda. Akaishika kwa ncha za vidole na kuirudisha. "Chukua, mama. Nikiharibu hii nitakuwa nimekuharibia mzazi."

Hapo pazia la nyuma likafunguka, akatoka mkewe, Mama Ramesh, na birika la chai. Akasimama, akavuta pua.

"Nani amefungua samli?"

Mumewe akamwonyesha santuri. Mama Ramesh akagusa, akanusa kidole, akalamba kidogo.

"Samli nzuri," akasema. "Nzuri kuliko ya kwetu. Mama, inuka sakafuni, baridi. Kunywa chai. Mafuta tu hayo. Mimi natoa mafuta kila siku kwenye masinia ya shaba, kwa unga wa dengu."

"Unga?" Chandrakant alishtuka. "Kwenye mifereji?"

"Wewe unajua redio," mkewe alisema. "Hii sasa ni jikoni."

Basi wanawake wawili wakaketi uani na santuri katikati. Unga wa dengu wakaunyunyiza ukanywa samli, wakaufuta kwa brashi laini ya kuchania nywele za mtoto, wakafuata mistari kama walivyoelekezwa, wasiikate. Kisha maji ya vuguvugu na povu la sabuni kidogo, kisha kitambaa. Kisha unga tena. Chandrakant alikuwa akija kila mara kuchungulia na kufukuzwa.

"Mama yako alikuwa anaimba vizuri?" Mama Ramesh akauliza.

"Alikuwa akiimba, mto unasimama kusikiliza, walio chini wanalalamika hawapati maji."

Mama Ramesh alicheka mpaka brashi ikamwanguka. Halafu akasema, akiwa ameinama, "Wangu alibaki ng'ambo. Mimi nilikuja na meli, bibi harusi. Barua zilikuja, halafu hazikuja. Sauti yake sina hata neno moja."

Ngolo akaendelea kusugua, sasa polepole zaidi.

Santuri ilipotakata, ule ufa ukaonekana wazi, maana samli ilikuwa imeuficha. Ulikuwa umeingia ndani kuliko alivyojua. Chandrakant akaukagua kwenye mwanga wa mlango.

"Itapiga mara moja," akasema. "Kama Mungu akipenda. Ya pili siahidi."

Waya wa kuunganisha mashine mbili alikuwa hana. Alikuwa akirekodi kama wengi walivyorekodi siku hizo, anaweka rekoda mbele ya spika na watu wote wananyamaza. Akafunga madirisha. Akawatoa wateja. Akamwita Andendekisye, fundi cherehani wa barazani, amwambie anyanyue mguu kwenye pedeli.

"Nashona suruali ya mchungaji," Andendekisye alisema.

"Mchungaji atasubiri. Mama anaimba."

Kisha akamgeukia Ngolo. "Kila sauti ya humu itaingia kwenye kaseti. Kikohozi kitaingia. Usiseme kitu, mama. Pumua kidogo kidogo."

Ngolo akakubali kwa kichwa, akauma pindo la kanga.

Sindano ikashuka. Kwanza mchakacho kama mvua ya mbali, na kila ufa ulipopita, tak. Kisha Minza akaimba.

Ilikuwa sauti yake hasa. Haikuzeeka, haikuumwa, haikufa. Alikuwa akimwita binti atoke ndani aagwe. Wanawake wa kuitikia walikuwa wamesimama mbali na chombo cha wazungu siku ile, hivyo walisikika kama nyuki kwenye mzinga uliofunikwa. Ubeti wa kwanza ukapita. Ngolo ameuma kanga, machozi yanateremka yenyewe.

Sasa kwao, mwimbaji akitoa wimbo usipoitikia umemvunjia heshima. Akiwa ni mama yako mzazi ndiye anayetoa, kunyamaza ni kama kumwambia sikutambui. Ubeti wa pili Minza akaita, akaacha ile nafasi. Nafasi ikawa tupu, ya nyuki tu. Kanga ikamtoka Ngolo mdomoni.

Akaitikia.

Akaitikia kwa ile sauti yake ya kuingiza kuku bandani. Chandrakant akapunga mikono yote miwili kama mtu anayeamia ndege kwenye mpunga. Haikusaidia. Minza akaita, Ngolo akaitikia, macho amefumba, na kufikia ubeti wa tatu hata Andendekisye huko barazani, asiyejua neno la Kisukuma, alikuwa ameanza kuunguruma chini chini, kwa sababu Mnyakyusa na wimbo hawapitani njiani bila kusalimiana. Walipofika mwisho, ufa ulitoa tak kubwa, sindano ikaruka, na santuri ikakatika vipande viwili juu ya mashine.

Chandrakant akaizima rekoda.

"Mama," Chandrakant alisema, "nilikwambia unyamaze."

"Uliniambia, baba."

"Sasa?"

"Sasa mama aliniita. Wako akikuita, unamwangalia tu?"

Chandrakant akavua miwani akaifuta kwa shati, na ilikuwa safi. Mama Ramesh alikuwa ameshika pazia la mlango. Andendekisye akaingiza kichwa dirishani. "Ndaga," akasema, kushukuru kwa kwao. "Ndaga fijo, mama."

Wakarudisha kaseti nyuma, wakasikiliza. Minza alikuwamo, mzima, beti zote. Na pembeni yake, wazi kuliko kengele, alikuwamo Ngolo anakwaruza.

"Hiyo yangu inaweza kutolewa?" aliuliza. "Kama unavyotoa mawe kwenye mchele?"

"Haitoki. Mmeingia wote wawili."

Aibu ilimshika. Lakini alikipokea kisanduku kile kidogo kwa mikono miwili na magoti chini, kama anavyopokea mtu aliyerudishiwa mtoto. Akatoa kibuyu chake. Mama Ramesh akakikumbatia. "Hii napaka chapati," akasema. "Santuri, hapana."

Vipande viwili vya santuri Ngolo hakuvitaka. Mama Ramesh aliviomba avitundike ukutani, na akaachiwa kwa moyo mweupe.

Siku ya Roza kuondoka, redio ya Seni ilining'inizwa kwenye nguzo ya zizi. Watu walikuwa wa kila namna, Wasukuma wa juzi, Wasangu wenyeji, Wabena waliokuja na pombe. Ngolo alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa nyumba, kichwa ndani ya kanga, akingoja aibu yake. Seni akabonyeza.

Mvua ya mbali, tak, kisha Minza. Ng'ombe wakainua vichwa. Na hili usiulize, waulize ng'ombe. Wanawake wakasikiliza, wanataka kuitikia, hawajui waingie wapi wala waseme nini, maana wale nyuki wa zamani hawakuwa wakisikika. Wakatazamana. Ndipo Ngolo wa kwenye kaseti akakwaruza mwitikio wake, kila neno mahali pake, kwa nguvu ambayo hata kiziwi angefuata. Wanawake wakaukamata. Ubeti uliofuata zizi zima liliitika, na sauti ya Minza ikapanda juu yao kama mtu aliyepata pa kukanyaga.

Roza alikuwa amesimama mlangoni, mafuta yanang'aa mabegani, machozi yanateleza.

"Huyo anayetoa ni bibi?" akamuuliza mama yake.

"Ndiye."

"Na huyu anayekwaruza?"

"Huyo ni mama yako. Vumilia, hatoki."

Roza akainama akamkumbatia mpaka kanga ikamwanguka. "Wabeja, mayu," akamshukuru. "Mmeniimbia wote wawili."

Ngolo akainuka. Mbele ya wakwe, akashukuru kwa sauti, jina kwa jina. Akamshukuru Chandrakant aliyeogopa kumharibia mzazi. Akamshukuru Mama Ramesh kwa unga na chai, akamwombea naye siku moja asikie anachokitamani. Akamshukuru fundi wa suruali ya mchungaji. Akawashukuru hata wale wazungu wa gari, popote walipo. Wabena wakauliza orodha inaisha lini, pombe inapoa.

"Rudisha," mama mkwe wa Roza akamwambia Seni.

Akarudisha. Walipaswa kuondoka mchana, wakaondoka jua limeinama, kwa kuwa kila aliyeshika fimbo yake ya safari aliiweka chini tena. Mwishowe Seni akaitungua redio, akaibeba begani ikiwa bado inaimba, na Roza akatoka kwao hivyo, akipita tuta la mpunga hadi tuta, bibi yake akimsindikiza kutoka bega la mumewe. Ngolo alibaki zizini akiitikia mpaka hakuwasikia tena, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kuku walibaki nje.