Kanga Waliyoniwekea Njinjo

Chuo nilisoma miaka miwili nikaishia hapo, sina hata cheti cha kuficha kabatini. Nilichotoka nacho ni fulana nyeupe ya kongamano, imeandikwa kifuani "Dini Tofauti, Chuo Kimoja". Siivai.

Nilikaa chumba kimoja na Mmatumbi wa Njinjo, Mkatoliki. Mimi Mmachinga wa Kiswere, pwani, Mwislamu wa kuswali nikikumbushwa. Makabila yetu ni watani, kwa hiyo tulitukanana tangu asubuhi na hakuna aliyenuna. Mwezi wa Ramadhani yeye ananisifia chai yake kila anapopiga funda. Kwaresma namlia mishikaki usoni.

Likizo moja nilienda kwao. Mama yake nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akauliza kama nimeoga au bado nanuka pweza. Siku ya kuondoka akaniambia, "Mtani, nikifa usije kulia. Vaa kanga yangu, tembea kama mimi, watu wacheke." Kwetu hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Nikaapa nitakuja, na ubwabwa nitaumaliza mimi.

Alifariki wiki ya kongamano la dini pale chuoni. Mzungumzaji nilikuwa mimi, eti kwa sababu naishi na Mkristo, utadhani nafuga chui. Mwenzangu alifunga begi akaniuliza kama tunaondoka wote. Nikamwambia atangulie, nitakuja kesho jioni. Maziko yalikuwa kesho yake mchana, saa ya kongamano, na nilijua.

Basi nikapanda jukwaani na fulana yangu. Nikaeleza tunavyoishi, tunavyotaniana, mpaka marehemu na pweza wake nikawataja. Shehe alicheka, padri alifuta machozi. Nilipewa soda mbili. Saa hizo Njinjo wanazika. Jioni sikwenda tena, aibu ilishanikamata.

Aliporudi nikamrushia utani, ili anitukane yaishe. Alitoa kanga kwenye begi akaiweka kitandani kwangu.

"Walikuwekea. Walikungoja mpaka jeneza likatoka. Nikawaambia una mtihani."

Nikamwomba radhi. Akasema hakuna shida.

Tangu hapo akawa ananisalimia vizuri, "Habari za asubuhi, ndugu," adabu tupu mpaka naacha chuo. Ramadhani iliyofuata chai alikwenda kunywea nje, kwa heshima, nisimwone. Wale wa kongamano wangempa fulana. Mimi nilikuwa nakaa kitandani na njaa yangu, nangoja aniambie nanuka pweza.