Buni za Mwalimu Emérance

Ijumaa ile mzee Semu alipanda kilima cha shule akiunguruma, na kuku wa Kisinga, huko mbali bondeni, wakaacha kutaga. Ndivyo wasemavyo watu wa Bwera, na anayetaka kubisha akawaulize kuku. Mkononi alishika tawi la mbuni lililokwanyuliwa kwenye kahawa yake, kalishika kama nyoka aliyemuua mwenyewe.

Mwalimu Emérance alimwona kupitia dirishani, chaki ikamvunjikia vidoleni.

Mwanamke huyu alitoka Butembo, upande wa Congo. Miaka mitatu nyuma alivuka mpaka pale Mpondwe akikimbia vita, na nguo alizovaa na boksi la chaki za rangi. Wenzake waliokoa magodoro, yeye akaokoa chaki. Karibu miaka yote hiyo aliuza mayai ya kuchemsha pale forodhani, na alikuwa hamuuzii mtu mpaka aseme yai analotaka likoje, kubwa au la moto au gumu. Dereva mmoja wa lori, kwa ubishi tu, alisimama pale siku mbili na njaa yake. Mwishowe mwalimu mkuu Fred alisikia habari za huyu mwuza mayai anayefundisha barabarani, akampa darasa la nne, Kiswahili, kwa majaribio ya muhula mmoja. Wazazi wangesema ndiyo au hapana Ijumaa hii. Wakisema hapana, ni kurudi kwenye mayai.

Na alikuwa amefundisha vizuri, ndilo lililokuwa linamuuma. Aliwakuta watoto wanaimba kama kasuku kwamba nomino ni neno la kutaja, lakini ukimwambia mmoja akuonyeshe nomino, anaangalia bati. Basi Emérance akatazama huu mlima wote wa kahawa, akasema rangi si hizi hapa? Buni nyekundu zilizoiva zikawa majina. Nyeusi zilizokauka zikawa sifa. Za kijani, ambazo bado zina kazi ya kufanya, zikawa vitenzi. Watoto wakazibandika kwa uji mzito wa muhogo juu ya maboksi ya sabuni. Mbuzi mnene anaruka: mwili mwekundu, tumbo jeusi lililotuna, miguu ya kijani iko hewani. Wiki moja tu, hata yule aliyekuwa akilala tangu Februari akaanza kugombania vitenzi.

Ila kwenye mlima ule kuchuma kahawa mbichi si mchezo. Kata imekataza, na mwenye kushikwa anapelekwa kwa mwenyekiti mchana kweupe. Emérance alilijua hilo, ndiyo maana aliwaambia mara mbili: "Za kijani, muokote zile zimeanguka chini. Mutu asiguse muti."

Sasa tawi la Semu lilikuwa juu ya meza yake, na wazazi wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

"Mwalimu mkuu, huyu mama aondoke leo," Semu alisema. "Si kesho. Leo! Anafundisha watoto wetu wizi."

"Mzee wetu, tukae kwanza," alisema Fred.

"Nikae na nani? Nimekaa na mibuni miaka arobaini, haijaniibia hata siku moja! Na mwenye kulea huyo mtoto mwizi asimame hapa mbele, atuombe radhi sisi wote."

"Wewe Semu, ukiiba maembe ya misheni utotoni, ulikuwa unaomba radhi?" Alikuwa mama Kabugho, ambaye ulimi wake haujawahi kulala. Watu wakacheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Baba mmoja nyuma alisema hata mtoto wake alionekana na kopo la buni za kijani. Mwingine akaitikia.

Fred alimgeukia Emérance. "Mwalimu, uliwaambia walete kahawa mbichi?"

"Ndiyo." Chumba kikavuma. "Nilisema waokote ile imeanguka."

"Maneno!" Semu akapiga meza. "Kahawa ikianguka, ina mdomo wa kusema imeanguka?"

Emérance aliondoa picha ukutani, moja moja, akazipanga mbele yao. "Baba Semu, wewe unajua kahawa kunipita. Angalia za kijani."

Semu alivaa miwani yake iliyofungwa kwa waya, akainama. Kwenye ncha ya kila buni aliyoitazama palikuwa na tundu dogo kama la sindano. Mkulima hahitaji kuambiwa. Mdudu akishatoboa, buni inaanguka kabla ya kuiva.

"Kumbe wezi ni wadudu wako," alisema Kabugho.

Fred alishusha pumzi. "Basi wazazi, nadhani tumeona..."

Lakini kiganja cha Emérance kilikuwa bado juu ya picha moja. Mbuzi mwenye miguu minne iliyonona, buni zinang'aa, hakuna tundu hata moja. Alimwona mbuzi yule tangu Jumanne, akanyamaza, maana alikuwa mzuri. Angeweza kumsukuma chini ya wenzake sasa hivi. Alisikia mvuke wa mayai puani. Dirishani watoto walikuwa wamejazana, wa mbele akiwa Medius, mjukuu wa Semu, macho kama sahani.

Akaiinua.

"Hii haina tundu. Hizi zilichumwa. Niliona nikanyamaza, na hiyo ni kosa yangu."

"Jina la mtoto!" Semu alifoka.

"Mie ndiye mwalimu. Uniulize mie."

"Jina, au funga mzigo wako!"

"Nitafunga, baba. Lakini mutoto sikupi."

Fred aliangalia viatu vyake. Emérance alianza kurudisha chaki zake kwenye boksi, kwanza nyekundu.

Mlango ukalia. Medius aliingia, akasimama katikati, mikono nyuma.

"Babu, ni mimi. Zile za chini zimekunjamana. Mbuzi wangu angechechemea."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka Congo. Semu hakucheka. Alitazama tawi, akamtazama mjukuu aliyemlea tangu ananyonya, akakumbuka alichosema mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe.

"Simama mbele basi, mlezi," Kabugho alisema, polepole, kama anayelamba asali.

Semu alivua kofia. "Naomba radhi," aliuambia ukuta.

Fred aliuliza nani anataka mwalimu abaki. Mikono ikapanda, wa Semu ukiwa wa mwisho, umepinda kwenye kiwiko.

"Jumatatu ulete hao watoto wako shambani kwangu," Semu akamwambia Emérance bila kumtazama. "Waokote zote zilizoanguka, kabla huyo mdudu hajanimaliza. Na huyu," akamshika Medius bega, "ataokota mpaka mgongo umsemeshe."

"Tutakuja, baba."

"Mbuzi nakwenda naye. Ni kahawa yangu."

Akaondoka naye kwapani, akishuka kilima hatua fupi fupi, mguu wowote usije ukabanduka.