Fundi Asiyefungua

Wiki hii nilikuwa kwa fundi wa kompyuta hapa Mpanda, akaingia mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyetoka Inyonga na basi la asubuhi. Alibeba kompyuta yake ya mezani, kaifunga kwa kitenge. Alisema imekuwa nzito mno. Akifungua kazi yake, anapika chai na kuimaliza kabla haijatokea. Humo ndani ana maneno ya Kikonongo aliyowakusanyia wajukuu wake kwa miaka mingi.

Fundi aliigonga kwa kidole, hata hakuiwasha. "Hii imekufa, mama. Niachie hapa, nikutafutie nyingine."

"Umejuaje, na hujaifungua?"

"Mama, mimi ndiye fundi."

Yule mama akavuta kiti, akakaa. "Basi ifungue nikiona."

Fundi akaifungua huku akiguna. Mama akainama, akaonyesha kwa kidole. "Hapa palipo wazi ni pa nini?"

"Pa kuongezea memori," fundi akajibu kwa sauti ya chini.

"Ongeza."

Akachomeka memori ya pili, akaiwasha kompyuta na kufungua kazi ya mama. Maneno ya mama yalitokea hata kabla hajavaa miwani.

"Una bahati, mama."

"Siyo bahati, mwanangu. Uliniona mzee, ukadhani sitauliza."

Mimi hasira haijaniisha. Nyuma ya fundi yule kuna rafu iliyojaa kompyuta. Nilimuuliza ni za nani. "Za watu walioziacha," akajibu bila kunitazama. Ni wangapi kati yao waliambiwa zimekufa, wakasema asante, wakaondoka?