Mama Dorothée Mlangoni pa Sumaku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, Dorothée Mungujakisa alitumbukiza mikono yake katika beseni la maji ya moto na kungoja. Vidole havikukunjika mpaka maji yapoe. Alipovitoa, vilikuwa vimevimba kama mizizi ya tangawizi, na ilimlazimu kuanza na kidole gumba, kisha kinachofuata, mpaka ngumi ifungike nusu. Hapo ndipo alipoweza kushika kisu cha samaki.

Alizaliwa upande wa Mahagi, mtoto wa tano katika familia ya wakulima Wakatoliki. Aliolewa na Firmin akiwa na miaka kumi na minane, akamfuata Mongbwalu kwenye machimbo ya dhahabu. Wanaume walishuka mashimoni. Wanawake walibaki juu, wakitwanga mawe mpaka yawe unga. Dorothée alitwanga kwa miaka kumi na mmoja. Firmin alipofukiwa na udongo, yeye na wifi yake Félicité walipanda lori na kuja Bunia, na hapo wakaanza kuuza samaki wakavu wanaoletwa kutoka ziwani. Kwa mikono ile alilea watoto wanne. Sasa mikono ilikuwa ikimwacha.

Nilimfahamu hospitalini, ninakofanya kazi ya kupiga picha za mwili. Mwaka ule tulipokea watafiti wa baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Picha ya kawaida ya mionzi, ambayo sisi huiita radio, huonyesha mfupa ukiwa umekwisha kuliwa. Watafiti walitaka kuona mapema zaidi: maji na uvimbe ndani ya kifundo cha mkono, kabla mfupa haujaharibika. Kwa hiyo walileta mashine ya IRM, inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku. Wagonjwa arobaini wangepigwa picha, wapewe dawa mpya kwa mwaka mmoja, kisha wapigwe tena ili picha mbili zilinganishwe. Asiye na picha ya kwanza hapati dawa.

Vipimo vya damu vilikuwa vimekwisha kumpitisha Dorothée katika utafiti, na vidole vyake vilimpitisha zaidi. Ilibaki picha tu. Alikuja siku ya Alhamisi, na orodha ilikuwa ifungwe Ijumaa jioni.

Félicité alimsindikiza, akiwa amebeba mkoba wa wote wawili. Niliwaketisha katika chumba cha kubadilishia nguo, nikatoa karatasi ya usalama. Ina maswali ishirini na mawili. Iliandikwa kwa Kifaransa, na mimi ndiye niliyeitia katika Kiswahili, neno kwa neno, jioni tatu mfululizo.

“Umewahi kuwekewa chuma mwilini na daktari?”

“Apana.”

“Umewahi kupigwa risasi au kupata vipande vya bomu?”

“Mungu alinilinda.”

“Umewahi kufanya kazi ya kuchomelea, kufua au kukata chuma?”

“Miye mwanamuke, nifue chuma?” Alicheka kidogo. “Apana.”

Niliweka alama. Baada ya maswali alivua hereni, medali ya Bikira Maria na pini iliyokuwa imeshika kitenge. Pini ilimshinda, Félicité aliinama akaifungua.

“Toa na meno, yaya,” alisema Félicité, akimwita dada mkubwa. “Pengine iko na chuma ndani.”

“Meno yangu ni ya Mahagi. Yako njo ya kununua.”

“Angalia huyu! Siku watakupa dawa, utanipiga makofi na hiyo mikono.”

“Wa kwanza ni weye.”

Nilimpa gauni la hospitali. Tulivuka ukumbi mdogo mpaka kwenye mlango mzito wa chumba cha mashine. Nilimweleza, kama ninavyomweleza kila mtu, kwamba atalala kitandani, mkono wake utawekwa katika kifaa kidogo, asitikisike kwa dakika thelathini, na asiogope kelele. Nilimweleza pia kwamba sumaku haizimwi. Umeme ukikatika, picha hukatika; sumaku hubaki ikivuta vilevile. Ndiyo maana sakafuni, hatua moja ndani ya mlango, pamepakwa mstari mwekundu asiouvuka mtu mwenye chuma.

Nilifungua. Dorothée alifanya ishara ya msalaba, akaweka mguu wa kulia juu ya kizingiti.

Nyuma yetu Félicité alisimama na mkoba, akisema kwa sauti ya mzaha ambayo nadhani alikusudia kumpa moyo:

“Kumbe hii mashine inaogopa chuma? Basi ikimbie! Huyu amekula chuma myaka kumi na moja.”

“Amekula vipi?” niliuliza bila kugeuka.

“Si ule muchi wetu wa kutwanga! Walikata ekseli ya lori. Kinu chuma, muchi chuma. Ukipiga, inaruka mu uso kama mvua. Siku moja kipande kikamuingia mu jicho. Nilikuwa nanyonyesha Orly. Miye mwenyewe nilimukamulia maziwa ndani ya jicho mpaka akanyamaza.”

Mguu wa kushoto wa Dorothée ulikuwa umeinuka.

“Mama, simama,” nilisema. “Usiende mbele. Rudisha mguu polepole. Usigeuze kichwa kwa haraka.”

“Nini iko?”

“Rudi kwangu kwanza.”

Alirudi. Nilisukuma mlango, nikafunga kwa ufunguo. Nilihesabu katika akili yangu: kizingiti, hatua moja, mstari. Alikuwa hajafika kwenye mstari.

“Jicho gani?” niliuliza.

“Hili la kuume. Lakini kilitoka. Ni zamani.”

“Mlikiona kikitoka?”

Walitazamana.

“Maziwa inasafisha,” alisema Félicité.

“Sikatai. Nauliza kama mlikiona kwa macho.”

“Sikukiona,” Dorothée alikiri. Kisha uso wake ukabadilika. “Lakini weye hukuniuliza hiyo! Uliniuliza kama nilifuaka chuma. Miye sikutumikaka kazi ya chuma. Nilitumikaka kazi ya majiwe.”

Alikuwa na haki. Swali lile liliandikwa na watu waliomfikiria mhunzi, na mimi, niliyezaliwa mkoa huu na kuwajua wanawake wa machimbo, nililitafsiri bila kasoro na bila kufikiri. Niliomba radhi. Alitazama saa iliyokuwa ukutani. Ilikuwa saa nne na robo.

Nilimweleza hatari bila kumficha. Ikiwa kipande kidogo cha chuma kimelala ndani ya jicho, sumaku inaweza kukigeuza au kukivuta. Jicho likivuja damu kwa ndani, anaweza asione tena kwa jicho hilo. Kulikuwa na njia moja ya kujua: radio ya macho, picha mbili, moja akitazama juu na nyingine akitazama chini.

“Tufanye mbio,” alisema. “Orodha inafungwa.”

Chumba cha radio kiko ng'ambo ya ua. Tulipofika, umeme ulikuwa umekatika na fundi wa jenereta alikuwa bado anatafuta mafuta. Tuliketi kwenye benchi. Félicité hakufanya tena mzaha. Alikuwa akizungusha mshipi wa mkoba kidoleni. Nilimtuma mtu amwite Fabrice, mwenzetu anayewahoji wagonjwa juu ya maisha yao. Alikuja na karatasi ya mahojiano aliyomfanyia Dorothée Jumanne. Katika mstari wa kazi za zamani alikuwa ameandika kwa hati nzuri: “Kutwanga mawe ya dhahabu, miaka 11.”

“Nilidhani weye pia unasoma hii, Divine,” aliniambia kwa sauti ya chini.

“Nilidhani wewe unasoma yangu.”

Karatasi zetu zilikuwa zikikutana Kinshasa tu, ndani ya kompyuta ya watafiti, baada ya mgonjwa kwisha kuingia kwenye mashine.

Jenereta iliwaka saa tano kasorobo. Nilimsimamisha Dorothée, kidevu na pua vikigusa bamba la kupokea picha.

“Tazama juu, mama. Juu kabisa. Usipumue.”

Nilipiga.

“Sasa chini.”

Nilipiga tena. Kisha nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta, nikangoja picha zijitokeze moja baada ya nyingine. Katika ya kwanza, ndani ya duara la tundu la jicho la kulia, kulikuwa na nukta nyeupe, ndogo kuliko punje ya ulezi. Uchafu wa bamba pia huonekana hivyo, lakini uchafu haubadiliki mahali. Nilifungua ya pili. Nukta ilikuwa imehama, kwa kadiri ile ile jicho lilivyogeuka.

Nilipima mara tatu. Kisha nilimwita daktari Médard, anayesimamia utafiti hospitalini kwetu.

Daktari alizitazama picha kwa muda mrefu, akavua miwani, akamwita Dorothée aketi karibu naye aone mwenyewe. Alimwonyesha nukta kwa ncha ya kalamu.

“Kiko humu, mama. Kimelala. Jicho limekizoea. Lakini hatuwezi kukuingiza kwenye sumaku.”

“Nifunge jicho na kitambaa.”

“Kitambaa hakiizuii.”

“Basi niingize mukono tu. Kichwa kibaki inje.”

“Mkono wako hauna urefu huo. Kichwa kingekuwa karibu mno.”

Dorothée aliweka mikono yote miwili mezani, mbele ya daktari, viganja chini. Havikulala sawa juu ya meza; katikati palibaki nafasi ambayo sarafu ingepita.

“Docteur, unisikie. Hili jicho ni langu, siyo la hospitali. Niko na lingine. Mikono niko nayo hii tu, na yote imekufa. Dada ya marehemu ananivalisha nguo. Mutoto wangu wa mwisho ananikatia mukate kama miye njo mutoto. Jicho moja inatosha kuuza samaki. Bila mikono nitauza nini?”

Daktari alivaa tena miwani. Nje palipita pikipiki, na tuliingoja ipite.

“Kama ungekuja umevunjika na picha ingekuwa ya kukuokoa, ningefikiri mara mbili,” alisema. “Hii ni picha ya kutufundisha sisi. Siwezi kukupofusha ili nijifunze.”

“Na miye nikisaini?”

“Hata ukisaini.”

Dorothée akanigeukia.

“Divine. Weye njo uko na ufunguo. Uko binti yangu. Fungua kwa nusu saa, hakuna mutu atajua.”

Ufunguo ulikuwa katika mfuko wa koti langu la kazi, na nilikuwa nimeushika.

“Sifungui, mama,” nilisema.

“Basi muniue mikono polepole.”

Félicité alianza kulia. “Ni kinywa yangu,” alisema. “Ningenyamaza, angekuwa ndani.”

“Nyamaza sasa, basi,” Dorothée alimjibu, bila ukali.

Daktari alitoka uani kupiga simu kwa viongozi wa utafiti. Tulimwona kupitia dirisha akitembea kutoka mlango mmoja mpaka mwingine, akieleza kwa mkono usioshika simu. Alieleza kwa dakika ishirini. Dorothée hakuondoa macho kwake. Aliporudi, hatukuhitaji kumuuliza.

“Wanasema hapana,” alisema. “Bila picha ya sumaku hawana cha kulinganisha mwakani. Nafasi itapewa anayefuata kwenye orodha. Nimewaambia sikubaliani nao, na nitaandika. Lakini leo jibu ni hilo.”

Aliketi, akavuta karatasi nyingine, karatasi ya hospitali yetu wenyewe.

“Sasa wewe si mtu wa utafiti. Wewe ni mgonjwa wangu. Iko dawa nyingine, ya zamani. Vidonge mara moja kwa juma, siku moja tu, usizidishe hata ukisikia maumivu. Kila mwezi utatoa damu tuangalie ini. Ni ya polepole. Pengine majuma sita, pengine kumi na mawili. Na Jumatatu daktari wa macho atakuona.”

“Itanisaidia?”

“Wengi imewasaidia.”

“Nauliza miye.”

“Sijui, mama. Ningekuwa najua, ningekuambia.”

Alitafakari jibu hilo. Nadhani lilimtuliza kuliko ahadi. Aliuliza siku gani ya kumeza, akachagua Jumapili, kwa sababu Jumapili hafungui meza yake na asingeweza kuisahau kwa ajili ya wanunuzi.

Mimi nilichukua karatasi yangu ya maswali. Chini ya swali la chuma niliacha nafasi, nikamuuliza angeliuliza vipi yeye, kama angekaa kwenye kiti changu.

“Usiseme kazi ya chuma,” alisema. “Hakuna mwanamuke atakuitikia. Uliza: ulitwangaka majiwe? Muchi ulikuwa wa nini? Kintu kilikurukia mu macho? Mambo tatu. Na uulize polepole, siyo kama padri mwenye kuchelewa misa.”

Niliandika yote matatu kama alivyosema, kwa Kiswahili chake. Fabrice alinakili kwenye karatasi yake pia, na tulikubaliana kwamba tangu alasiri ile hakuna mgonjwa atakayefika mlangoni kabla sisi wawili hatujaketi na karatasi zetu juu ya meza moja.

Ikabaki fomu ya kujitoa. Fabrice alianza kuandika, “Ameondolewa na...”

“Ngoja,” Dorothée alisema. “Usiandike ameondolewa. Watu wa kwetu watasoma watasema nilifukuzwa.”

“Hakuna mtu wa kwenu atakayeisoma, mama.”

“Miye nitaisoma. Andika nimekataa miye mwenyewe.”

Fabrice alimtazama daktari, na daktari akaitikia kwa kichwa.

“Sababu?”

Dorothée alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alifumba jicho la kushoto, akautazama ua kwa lile la kulia peke yake: Félicité, aliyekuwa ametoka nje, akijipangusa uso, kamba ya nguo za hospitali, jenereta ikitoa moshi.

“Andika: jicho ingali inaona.”

Fabrice aliandika. Nilimpa wino wa kutia dole gumba, kama tunavyofanya kwa wale ambao mikono yao haishiki. Aliusukuma pembeni kwa kiwiko, akaomba kalamu. Aliishika kwa viganja viwili, kama mtu anavyoshika mchi, akainama mpaka uso ukakaribia karatasi, akaanza kuandika jina lake, herufi moja moja. Ilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha.